Namna ya Kufuatilia Mafuta ya Ndege-Mfano ya Jeti Ikiwa Angani

Ndege ikishapaa, mafuta yaliyomo tangini hayaonekani tena. Tarakimu inayotokea kwenye kioo cha rimoti si mafuta; ni hesabu iliyopigwa na chombo kilichomo ndani ya ndege, na hesabu hiyo ina ukweli kwa kadiri ile tu ambayo mwenye ndege alikifundisha chombo chake wakati kikiwa ardhini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukifundisha chombo hicho, namna ya kusoma kinachosema ndege ikiwa angani, na namna ya kuitambua siku kinapokosea. Nimeuandika kwa ajili ya mtu anayerushia jeti hapa Dodoma, ambako mwinuko, joto na vumbi huingia katika kila hesabu ya mafuta, tupende tusipende. Nachukulia kwamba msomaji amekwisha kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na kwamba anarushia mbali na uwanja wa ndege, kwa sababu bila hayo hakuna haja ya kujaza tangi.

Injini ya jeti ya ndege-mfano hutumia mafuta ya taa, mafuta ya ndege aina ya Jet A-1, au dizeli, yakiwa yamechanganywa na oili ya tabaini, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Oili hiyo haimo kwa ajili ya kuungua. Beringi za injini, ambazo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hulainishwa na mafuta hayohayo yanayopita, kwa hiyo mafuta yakikatika hata kwa muda mfupi, moto huzimika na beringi nazo hubaki kavu. Injini ya daraja la nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha msukumo) hunywa takriban mililita 350 hadi 400 kwa dakika ikiwa katika nguvu zote, na takriban mililita 100 kwa dakika ikiwa katika mzunguko wa chini kabisa, ule ambao mafundi wetu wa magari wanauita sailensi. Tangi la lita 4, ambalo mgeni akiliona hudhani ni kubwa, linaweza kumalizika ndani ya dakika 10 au 11 ikiwa mrushaji hataondoa kidole kwenye nguvu zote.

Anza na mizani kabla ya rimoti

Kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu anunue ni mizani ya jikoni inayosoma hadi kilo 5 au 10, ambayo hupatikana katika maduka ya vyombo. Mistari iliyochorwa kwenye jagi la plastiki haiaminiki, na povu la mafuta huificha. Uzito haufichiki. Pima lita moja kamili ya mchanganyiko wako kwa chombo cha uhakika, iweke kwenye mizani, andika uzito wake. Mafuta ya taa yatakuwa karibu na gramu 800 kwa lita. Dizeli itakuwa nzito zaidi, karibu na gramu 830 au 840. Usichukue takwimu hizi kama zilivyo, tumia ile uliyoipata kwa mafuta yako mwenyewe.

Kuanzia hapo, kila unapojaza ndege, pima galoni kabla na baada ya kujaza. Ikiwa galoni imepungua gramu 2,200 na lita moja ya mafuta yako ina gramu 800, basi umeingiza mililita 2,750. Ikiwa kabla ya kuruka tangi lilikuwa limejaa hadi alama fulani, na baada ya kutua umelijaza tena hadi alama ileile, kiasi ulichoingiza ndicho kiasi ambacho injini ilikunywa, bila kukisia. Ndege iwe imesimama kwenye magurudumu yake mahali palepale tambarare kila mara, maana ikiinama pua kidogo tu, alama ya kujaa inahama.

Jambo hili linachosha, nakiri, hasa saa 5 asubuhi jua likiwa limeanza kuchoma na wenzako wakiwa wanasubiri zamu. Hata hivyo, nimeona kwamba wale walioandika safari 10 za kwanza za ndege mpya katika daftari hawakuwahi baadaye kubishana na vyombo vyao. Andika tarehe, saa, joto la hewa, muda wa kuruka, kiasi kilichojazwa, na kiasi ambacho rimoti ilidai kuwa kimetumika. Safu hizo mbili za mwisho ndizo zitakazokuonyesha chombo chako kinakosea kwa kiasi gani na kwa upande upi.

Angalia pia joto. Mafuta ya taa hutanuka kwa karibu asilimia moja kwa kila nyuzijoto 10. Ukijaza lita 4 asubuhi ya Julai mafuta yakiwa na nyuzijoto 18, kisha ukaiacha ndege juani hadi mafuta yafikie nyuzijoto 40, zaidi ya mililita 80 zitatoka kupitia mpira wa kupumulia, ule unaoingiza hewa tangini, na kumwagika chini, nawe utadhani umeruka na tangi lililojaa. Jaza muda mfupi kabla ya kuruka, na uifunike ndege kwa kitambaa cheupe.

Vyombo vinavyohesabu

Kuna njia nne ambazo hutumika kukadiria mafuta ndege ikiwa juu, na ni vizuri kuzifahamu moja moja kwa sababu kila moja hukosea kwa namna yake.

Ya kwanza ni saa. Saa ya kawaida inayohesabu dakika hukosea pale mrushaji anapobadilisha namna ya kuruka, kwa hiyo ni bora kutumia saa iliyounganishwa na kijiti cha mafuta, kile cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, ambayo rimoti nyingi za sasa zinayo: ukisukuma kijiti juu saa hukimbia, ukikishusha hupunguza mwendo. Saa hii haitegemei waya wala kihisi chochote ndani ya ndege, na ndiyo maana siiondoi hata nikiwa na vyombo vya gharama kubwa. Vyombo vyote vikinyamaza, saa huendelea.

Ya pili ni kompyuta ya injini yenyewe. Hii ndiyo inayoiendesha pampu ya mafuta, kwa hiyo inajua imeipa pampu umeme kiasi gani na kwa muda gani, na kutokana na hilo hukadiria mafuta yaliyopita. Unachotakiwa kufanya ni kuingiza ukubwa wa tangi na kiasi ambacho pampu husukuma injini ikiwa katika nguvu zote, kisha kusahihisha takwimu hiyo kwa kutumia daftari lako. Kosa linalotokea mara nyingi zaidi hapa si la kompyuta bali ni la binadamu. Kompyuta nyingine hurudi kwenye tangi kamili kila unapowasha umeme, hata kama hukuongeza tone moja, na mtu aliyetua kwa muda mfupi kurekebisha gurudumu kisha akawasha tena hupaa akiwa na takwimu ya uongo. Jaza kila unapozima, au weka kompyuta isijirejeshe mpaka uiamuru.

Ya tatu ni mita ya mtiririko, ambayo hufanya kazi kama mita ya maji ya nyumbani: kuna kigurudumu kidogo ndani yake ambacho mafuta hukizungusha, na kila mzunguko hutoa pigo moja la umeme linalohesabiwa. Mita hii hupima mafuta yenyewe badala ya kazi ya pampu, kwa hiyo huwa sahihi zaidi ikishasahihishwa. Namna ya kuisahihisha ni kuchukua kiasi halisi kutoka kwenye mizani, kukigawanya kwa kiasi kilichosomwa na mita, na kuzidisha namba ya usahihisho iliyomo kwa jibu hilo. Kwa mfano, mita ikisema mililita 1,850 na mizani ikisema 2,040, zidisha namba ya zamani kwa 1.10. Usahihisho huo ufanyike kwa mafuta yaliyotumika katika safari nzima, si kwa kupitisha lita moja haraka kwa pampu ya kujazia, kwa sababu kigurudumu hakizunguki kwa uwiano uleule katika mwendo mdogo na mkubwa. Mita iwekwe baada ya chujio. Vumbi letu jekundu la Dodoma ni laini mno, na punje moja ikikwama kwenye kigurudumu, mita itasema mafuta hayatumiki huku tangi likielekea kwisha.

Ya nne ni kihisi cha mwanga kinachofungwa kwenye tangi dogo la kutega hewa, lile lililo kati ya tangi kubwa na pampu. Kihisi hicho hakipimi kiasi. Hutambua tu kwamba hewa imeingia mahali palipopaswa kuwa na mafuta. Wengi hukitegemea kupita kiasi. Tangi dogo la mililita 250, injini ikinywa mililita 300 kwa dakika, lina sekunde 50 tu. Kengele yake ikilia hakuna tena kupanga chochote. Punguza nguvu, geukia uwanja, tua.

Hewa ndani ya mpira

Mtu anayejua magari ya dizeli anajua maana ya injini kuvuta hewa. Katika jeti jambo ni lilelile, ila hapa hakuna kushuka na kutoa hewa kwa mkono. Ndege nyingi nilizoona zikizimika angani zilikuwa bado na mafuta tangini, na kilichozizima ni mapovu. Kwa hiyo kufuatilia mafuta ni pamoja na kufuatilia kama mafuta hayo yanaweza kufika kwenye pampu.

Novemba ya mwaka juzi, kwenye kiwanja chetu cha udongo upande wa Hombolo, nilipaa nikiwa na tangi kamili. Ndege ilikuwa imening'inia stoo kwa wiki tano. Dakika ya tatu, rimoti ikinionyesha zaidi ya lita 2 na nusu, mlio wa injini ulikatika ghafla, ukabaki mvumo wa upepo tu juu ya mabawa. Niliielekeza chini kwa kuserereka, ikatua nje ya kiwanja kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mtama, mguu mmoja ukavunjika. Nilipofungua kifuniko, nililikuta tangi la plastiki limebonyea pande zote mbili, mfano wa chupa ya maji ambayo mtoto ameinyonya mpaka ikakunjamana. Kwenye mdomo wa mpira wa kupumulia, chini ya tumbo la ndege, palikuwa na kizibo cha udongo mkavu chenye ukubwa wa punje ya hindi. Nyigu alikuwa amejenga. Tangi halikuweza kuingiza hewa ya kuchukua nafasi ya mafuta yaliyotoka, pampu ikavuta mpaka ikashindwa.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba ishara ilikuwepo. Kumbukumbu ya safari ile ilionyesha kwamba volti za pampu, ambazo injini yangu ikiwa katika nusu nguvu huwa 1.6, zilikuwa zimepanda taratibu hadi 2.3 wakati mzunguko wa injini haukubadilika. Pampu ilikuwa inalia, nami nilikuwa nimeweka kengele ya kiasi cha mafuta peke yake. Tangu siku hiyo volti za pampu ni takwimu ya pili ninayoifuatilia baada ya mafuta yaliyobaki, na ninashauri kila mwenye jeti aweke kengele inayolia volti zikizidi kiwango chake cha kawaida cha nguvu zote kwa robo hivi. Volti zikipanda polepole kutoka safari moja hadi nyingine, chujio linaziba. Zikipanda ndani ya safari moja, shuku mpira wa kupumulia au mpira uliokunjika, na utue.

Kabla ya kila safari, pulizia mpira wa kupumulia na usikilize kama hewa inapita. Kisha tazama mpira unaotoka kwenye tangi dogo kuelekea pampu wakati injini inazunguka chini: uwe angavu, bila hata povu moja linalosafiri. Ukiona moja, zima.

Bajeti ya safari

Baada ya vyombo kusahihishwa, panga matumizi kabla ya kupaa. Nitatumia ndege yangu yenye lita 4, pamoja na zile mililita 250 za tangi dogo. Kuwasha na kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia hunywa mililita 250. Akiba isiyoguswa ni robo ya tangi, yaani mililita 1,000. Zinabaki 2,750 za kuruka. Daftari linaniambia kwamba kwa wastani ndege hii hunywa mililita 280 kwa dakika hapa Dodoma, kwa hiyo ninazo karibu dakika 10, nami saa naiweka 8.

Kwa nini akiba iwe kubwa hivyo? Kwa sababu kutua hapa si kama kutua pwani. Mji wetu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa nyuzijoto 32 uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 17 ukilinganisha na hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Injini inatoa msukumo mdogo zaidi, mrushaji analazimika kusukuma kijiti mbele zaidi kupata nguvu ileile, na ndege inagusa ardhi ikiwa na mwendo unaozidi ule wa pwani kwa karibu asilimia 10. Jaribio la kwanza la kutua linashindikana mara nyingi, hasa alasiri za Agosti na Septemba upepo unapokuja kwa vishindo na kuinua vumbi katikati ya njia. Kila unapoacha kutua na kupanda tena, hesabu mililita 300. Akiba ya 1,000 inakupa nafasi mbili za namna hiyo na kukuachia 400, ambamo zimo zile 250 za tangi dogo ambazo hupaswi kabisa kuzigusa. Kwa sababu hizohizo, usiazime takwimu za rafiki anayerushia Dar es Salaam, hata kama ndege na injini zenu ni za aina moja.

Ndege ikiwa juu

Jeti inayokwenda mita 60 kwa sekunde husafiri mita 120 katika sekunde mbili unazoinamisha macho kusoma kioo. Kwa hiyo mafuta husikilizwa kwa masikio. Rimoti zinazokubali mafaili ya sauti zinaweza kuwekewa maneno ya Kiswahili, na mimi nilimrekodi binti yangu akisema "nusu tangi", "jiandae kutua" na "tua sasa". Sauti ya mtoto hupenya mlio wa injini kuliko ile ya kiwandani, na sitafsiri chochote kichwani wakati mikono ina kazi.

Kengele zangu ziko kwenye mililita 2,000, 1,500 na 1,000. Ya kwanza ni ya kulinganisha: inapolia, msaidizi hutazama saa, na ikiwa saa inasema tuko mbali na dakika ya sita, kwa upande wowote, tunatua bila kubishana ni chombo kipi kina haki. Ya pili huanzisha mzunguko wa kutua, ambao huchukua chini ya dakika mbili. Ya tatu inapaswa kunikuta nikiwa kwenye mstari wa mwisho au magurudumu yakiwa chini.

Msaidizi husimama nyuma ya bega langu la kushoto, macho yake yakiwa kwenye kioo, na kazi yake ni kusema takwimu mbili tu kila dakika. "Kaka, elfu mbili mia tatu, pampu moja nukta saba." Nami namjibu, "Nimesikia, dogo," ili ajue imefika. Nisipojibu anarudia. Takwimu ikisimama bila kubadilika kwa sekunde 20 au zaidi injini ikiwa na nguvu, atasema "imeganda", kwa sababu ama mawasiliano ya kurudi yamekatika na kioo kinaonyesha habari ya zamani, ama kigurudumu cha mita kimekwama. Hapo tunaihama mita, tunafuata saa, na tunatua mapema.

Injini ikizimika, usijaribu kuiwasha ndege ikiwa angani. Shusha pua kidogo kulinda mwendo, chagua mahali, sahau kwa muda magurudumu kama uko chini sana. Mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye injini bila kuungua yanaweza kuwaka baada ya kutua, na nyasi za Oktoba hazihitaji zaidi ya cheche, kwa hiyo mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi uwe mkononi mwa msaidizi anapokimbilia ndege, na dumu la maji liwe kwenye gari kwa ajili ya nyasi.

Baada ya kutua

Acha kompyuta ipoze injini mpaka imalize. Kabla ya kuzima umeme, andika takwimu ya mafuta iliyobaki kwenye kioo, kisha pima galoni, jaza hadi alama, pima tena. Tofauti kati ya mizani na rimoti ikiwa chini ya asilimia 5, endelea. Ikizidi hapo katika safari mbili mfululizo, sahihisha kabla ya safari ya tatu, lakini kwanza tafuta kama kuna mpira unaovuja au chujio lililoziba, maana usahihisho unaofanywa juu ya hitilafu huificha hitilafu hiyo. Ndege ikirudi stoo, funga mdomo wa mpira wa kupumulia kwa kipande cha kitambaa chenye utepe mwekundu mrefu unaoning'inia, ambao hautakuruhusu kusahau kuutoa, na nyigu hatapata pa kujenga.